Wosia kwa Atakayewasha Spika Zangu

Mjukuu wangu,

Barua hii naiandika nikiwa na akili timamu. Ni miguu tu iliyogoma. Mambo ya nyumba na shamba yana wenyewe na sheria yake, baba yako na shangazi zako watagawana siku ikifika. Mimi nina jambo la kwako wewe. Kwa kuwa baba yako yu hai, wewe si mrithi wangu, na dini yetu inaniruhusu kumuusia asiye mrithi mradi nisivuke theluthi ya mali. Hesabu nimepiga. Amplifaya, gramafoni, spika mbili, deki ya kaseti, makabati ya santuri na lile sanduku la bati lililojaa kaseti havifiki theluthi, hata kama bibi yako anaapa kwamba fedha zilizozama humo zingemjengea nyumba ya pili. Mke mwenzio huyo anapenda kutia chumvi.

Huenda unadhani nimekuchagua kwa sababu unasoma umeme chuoni. La. Binamu zako wawili ni mafundi na sijawaachia hata waya. Nimekuchagua kwa sababu ulipokuwa mdogo, santuri ikianza kuzunguka wenzako walikimbilia kucheza, wewe ulikuja kuniuliza, "Babu, huyu amesema nini hapo?" Rafiki zangu kadhaa wana vyombo vya thamani kuliko vyangu na hawajawahi kujiuliza swali hilo.

Basi nakuusia hivi: chombo kipime kwa maneno. Weka wimbo unaoujua, kaa kitako, usikilize kama kila neno linafika, pamoja na mwisho wa neno na pumzi inayovutwa kabla ya neno jingine. Sisi watu wa Tanga hatuna udhuru katika hili. Huu ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoifunga taarab magitaa ya umeme, na vyote viwili Shakila Saidi aliviimbia. Taarab ni fumbo. Ukikosa silabi moja humjui tena anayesemwa ni nani, na utashangilia kumbe umetajwa wewe. Dansi nayo ni vivyo hivyo. Enzi zile Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wakigombea mashabiki wa mji huu, watu walitoka ukumbini wakijadili mashairi njia nzima hadi Ngamiani. Chombo kinachotikisa kuta halafu kikameza maneno ni kibovu, hata kama kimetoka dukani leo.

Ndiyo maana sina mapenzi na sabufa. Kwenye shughuli ya uani sina ugomvi nayo, watu wanataka kucheza na bezi ndiyo inayowanyanyua. Lakini nyumbani? Boksi kubwa limekabidhiwa sauti za chini, na vile viboksi viwili vyenye spika za inchi 3 vimeachiwa vilivyobaki. Sauti ya binadamu inakaa katikati. Simu za mezani zilipitisha mawimbi ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu, na bado ulimtambua shangazi yako kwa "haloo" ya kwanza. Sasa sehemu ya chini ya eneo hilo hilo, pale penye kifua cha mwimbaji, viboksi haviiwezi, na boksi kubwa likilazimishwa kupanda hadi huko linaunguruma. Mwimbaji anaangukia kwenye shimo lililo baina yao. Halafu mwenye nyumba anaongeza bezi.

Na wati zile zilizoandikwa kwenye katoni! Utakuta 10,000 kwa herufi za dhahabu, na pembeni herufi nne ndogo: PMPO. Geuza chombo nyuma usome kibandiko cha umeme. Kama kinasema kinakula wati 60, hakiwezi kutoa hata 60, kwa sababu sehemu inaishia kwenye joto. Ukitaka uthibitisho mwingine angalia fyuzi: fyuzi ya ampea 3 kwenye umeme wa volti 230 imekusudiwa kupitisha wati zisizofika hata 700. Haya unayajua kuliko mimi, ila wafafanulie shemeji zako kabla hawajapanda basi kwenda Kariakoo. Waambie pia kwamba ukizidisha wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho mtu asiye makini hakitambui, na kwamba ili sikio liseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili" unahitaji wati mara kumi. Amplifaya yangu ya Sansui imetengenezewa wati 25 kila upande. Jioni nyingi haitumii hata 2.

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja kizuri, nunua spika. Amplifaya nyingi za kawaida zinafanana kuliko wauzaji wanavyokiri. Spika hazifanani hata kidogo. Waya usikupotezee usingizi. Wapo wanaouza waya wa spika kwa bei ya pikipiki. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule mafundi wanaoutandaza ndani ya nyumba, unatosha chumba chochote nilichowahi kuingia. Anayedai anasikia tofauti mwambie afumbe macho, wewe umbadilishie nyaya, na mweke fedha mezani.

Lakini kabla hujanunua hata hiyo spika, nenda kasikilize muziki usiopita kwenye waya. Hapa ndipo kizazi chenu kimepunjwa, wala si kosa lenu. Mimi nilimsikia mpiga saksafoni akipasha midomo nyuma ya ukumbi kabla jenereta halijawashwa, nikajua saksafoni inasemaje. Wewe umeisikia kupitia spika tangu uzaliwe, sasa utajuaje spika ipi inakudanganya? Keti karibu na wapiga dufu kwenye maulidi. Wasikilize wanawake wakiimba jikoni siku ya harusi, bila maikrofoni, sauti zikigonga sufuria. Vuka uende Unguja, uombe kuhudhuria mazoezi ya Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, au ya Culture Musical Club. Jitahidi ukae hatua mbili tatu kutoka kwa mpiga kanuni. Usikie kile kidude cha kidoleni kinavyoukwangua waya kabla noti haijatoka. Ukirudi nyumbani na kumbukumbu hiyo hakuna muuzaji atakayekuhadaa, maana utakuwa na kitu cha kulinganishia, na hakikukugharimu zaidi ya nauli ya boti.

Chumba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijana wengi hununua vyombo vitatu mfululizo wakitafuta dawa ya tatizo lililo ukutani. Ingia chumba unachotaka kuwekea muziki, piga kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaorukaruka kama shilingi iliyodondoka sakafuni, hapo hata spika za mfalme zitapiga kelele. Nyumba zetu za saruji, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, hazimezi kitu. Mkeka ni mwepisi, unasaidia kidogo sana. Zulia nene linasaidia, mapazia mazito yenye mikunjo yanasaidia zaidi, na kitanda chenye godoro la pamba ni dawa kubwa kuliko zote. Ndiyo siri ya muziki wangu kupendeza chumbani kuliko sebuleni, ingawa bibi yako alikuwa na maelezo mengine. Rafu ya vitabu visivyolingana ukubwa inaivunja sauti vizuri ukutani.

Kisha ziondoe spika kwenye pembe. Watu wanazisukuma pembeni ili wapate nafasi ya kabati la vyombo, na pembe inaongeza bezi hadi gitaa la bezi linakuwa ngoma moja isiyo na noti. Zisogeze futi mbili au tatu kutoka ukutani, uziweke juu ya kitu imara hadi spika ndogo ya juu ilingane na sikio lako ukiwa umeketi. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila moja hadi ulipo wewe. Ukipatia, mwimbaji ataondoka kwenye maboksi na kusimama katikati, mahali ambapo hakuna kitu. Ukizifikisha hapo weka alama ya chaki sakafuni, maana siku ya usafi zitasogezwa tu. Na mvua ikinyesha juu ya bati, zima. Hakuna chombo kinachoshindana na masika ya Tanga.

Spika zangu maboksi yake yalitengenezwa na seremala wa hapa hapa kwa plaiwudi nzito. Usidanganywe na mninga mtupu: mbao nzima inatanuka na kusinyaa kwa unyevu hadi viungo vinaachia. Adui yako mkubwa lakini ni ule ukingo wa sponji unaoshika karatasi ya spika. Kwa hewa hii ya bahari unaoza, unakuwa unga, na spika inaanza kukoroma. Mtu asiyejua huitupa. Usiitupe; ukingo unabadilishwa kwa gundi, subira na mkono usiotetemeka, na ukipata wa mpira ni bora kuliko wa sponji. Swichi na vifundo vya sauti navyo huota kutu, ndiyo ile "kwaruu" unayoisikia ukiongeza sauti. Dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi inatosha. Mafuta ya kupikia hapana, na nimeyaona.

Mitumba ya vyombo inayotoka Marekani uiendee kwa tahadhari. Kule umeme ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, kwetu ni 230 na 50. Volti utaziteremsha kwa transifoma, mizunguko transifoma haiigusi. Gramafoni nyingi za zamani mota yake inafuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo iliyotengenezwa kuzungusha santuri mara 33 na theluthi kwa dakika kule, hapa itazungusha karibu 28. Shakila atageuka mwanamume mwenye mafua. Gramafoni yangu, Dual ya Kijerumani, imefungwa puli ya 50, mtu asije akaibadilisha. Na kumbuka gramafoni haichomekwi tundu la redio au la simu. Tangu mwaka 1954 santuri huchongwa kwa mpangilio uitwao RIAA, bezi ikipunguzwa na sauti za juu zikiongezwa, na ni tundu lililoandikwa PHONO ndilo linaloirudisha sawa. Ukichomeka pengine utapata sauti nyembamba ya mbu, uanze kuilaumu santuri.

Sasa santuri zenyewe. Ujue kwanza zilivyotufikia. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuzikandamiza, bendi zetu zilitegemea Nairobi, na taarab yetu ya Tanga ilitoka kwa Assanand wa Mombasa chini ya nembo ya Mzuri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na mlango wa santuri ukawa umebanwa. Bendi zikabaki na Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, zikirekodi kwenye kanda za redio bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Nyimbo nyingi nzuri za miaka ile mtu hakuweza kuzinunua. Ulingoja zipigwe hewani, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kurekodi, ukimwomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya gitaa. Ndiyo maana lile sanduku la bati nalipa uzito kuliko makabati, ingawa santuri ndizo zinazowatoa wageni macho.

Santuri zisimamishe wima, zisilale wala zisiegemee, mbali na dirisha. LP ni plastiki, inajikunja kwa joto. Zile nzito za mizunguko 78 ni kitu kingine: zinavunjika, na sindano yake ni nene karibu mara tatu kuliko ya LP, usizichanganye. Miongoni mwake kuna chache za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na HMV. Kuvu ikiingia, osha LP kwa maji safi yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kuongezea betri za gari, na soma chupa vizuri maana asidi inauzwa rafu hiyo hiyo. Spiriti kidogo kwenye maji inakubalika kwa LP. Kwenye 78 usithubutu: zile zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti inauyeyusha. Sindano ya almasi nayo huisha, ikipiga kati ya saa 500 na 1,000 ibadilishe. Sindano iliyoisha inakula mfereji, na mfereji hauna spea.

Kaseti zitangulie kazi zote, hata kabla hujapanga chumba. Angalia kwanza mkanda wa mpira ndani ya deki. Kama umeyeyuka na kuwa lami, badilisha. Safisha kichwa kwa spiriti. Kila kaseti ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha bila kuipiga, ili tepu ilegee, ndipo uirekodi kwenye kompyuta. Faili ziwe WAV, usizibane kuwa MP3 kwa kuogopa nafasi. Nakala mbili ziwe nyumba mbili tofauti. Kadi ndogo ya simu si ghala. Ndani ya kaseti hizo mna nyimbo za redio, mna pia harusi za ukoo huu, na mna sauti za wazee ambao picha zao hatuna. Usiwatumie ndugu kwa WhatsApp ukadhani umehifadhi, maana kule sauti inaweza kubanwa hadi vikohozi vikafanana na makofi.

Hayo hayana maana kwamba napinga simu. Faili nzuri kutoka kwenye simu, ikipita waya mzuri hadi amplifaya nzuri, inaweza kuishinda santuri iliyokwaruzwa. CD tangu 1982 inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na masikio yangu hayajawahi kuikuta na upungufu ambao fundi mchanganyaji hakuuleta yeye mwenyewe. Napenda santuri kwa sababu inanilazimisha nikae. Dakika 20 kila upande, kisha lazima mtu ainuke.

Masikio yako yatunze, kwani mimi tayari matoazi ya juu siyasikii, umri umeyachukua. Desibeli 85 sikio linavumilia saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 una robo saa tu. Zile spika za masikioni ndani ya daladala ndizo zinazonitisha: unaongeza sauti ili uishinde injini, na sikio haliulizi sababu.

Na jirani je? Kabla ya NEMC, wale wa baraza la mazingira, kuja na kanuni zao za kelele, mtaa ulikuwa na zake, uzifuate. Adhana ikianza unazima, hupunguzi. Mtaa ukiwa na msiba chombo hakiwashwi hadi matanga yaanuliwe, hata kama mlikuwa hamsalimiani na marehemu. Alasiri fungua dirisha la barazani, kwa sababu kina mama wanaosuka ukili pale wana maombi yao, na usijifanye mjuzi ukawakatalia. Wao ndio waliowahi kuniambia kwamba spika ya kushoto inameza "s". Ilikuwa kweli.

Watakuja wanunuzi. Wengine watatoka Ulaya, watu wa heshima na wanaojua wanachokitafuta; mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa na Buda Musique umeokoa rekodi ambazo sisi wenyewe tuliziacha. Wengine watataka kabati zima kwa bei ya baiskeli. Ukikwama kwa shida ya kweli, uza, sitakulaumu kaburini. Lakini usiuze santuri hata moja ambayo hujaitolea nakala, na zile za Black Star na Lucky Star zisitoke nje ya Tanga wakati wa uhai wako.

Deni moja nimebakiwa nalo, la fundi wa Ngamiani aliyenibadilishia ukingo wa spika mara ya mwisho. Alikataa fedha akasema tutahesabiana, na hatujahesabiana. Baba yako anamjua. Deni hutangulia wosia, kwa hiyo mlipeni yeye kwanza, ndipo uje na gari uchukue vyako.

Wako, Babu
Ngamiani, Tanga